Kompresi ya Ishirini

Gisenyi, Machi 1998

Dada yangu Adelina,

Nakusalimu wewe na wote mlio hapo Karagwe. Barua yako niliipata kwa yule dereva wa lori, nikafurahi kusikia mama ameacha kutembelea fimbo na migomba imestahimili upepo. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, na wagonjwa hawakicheki tena Kinyarwanda changu cha Tanzania. Uliuliza kwa nini nimekaa kimya miezi miwili. Kuna jambo, dada, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua niko chumba cha upasuaji, mimi ndiye ninayempa daktari vyombo. Mwenzangu alikuwa Espérance, msaidizi aliyerudi kutoka Goma. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kompresi, vile vitambaa vya kufyonza damu, kabla mgonjwa hajashonwa. Zikiingia ishirini, lazima zitoke ishirini. Daktari mpasuaji tunaye mmoja tu. Barabara hazina amani, majeruhi wanaletwa wakati wowote, na siku ile alikuwa amesimama tangu asubuhi bila hata chai.

Mchana akaletwa Vestine, mkulima wa maharage kutoka Kanama, mimba yake ya kwanza, mtoto amekwama. Tukampasua, mtoto wa kike akatoka analia. Mlangoni kulikuwa na mwanamume mwenye risasi tumboni, anasubiri meza hiyo hiyo. Daktari akachukua sindano na uzi.

"Iko kumi na tisa," Espérance akasema.

"Hesabu tena."

Akapiga magoti sakafuni, akazipanga moja moja. "Docteur, iko kumi na tisa. Moja haiko."

Daktari hakuinua macho. Akaniuliza mimi, "Wewe unasemaje?"

Dada, sikuwa nimehesabu. Nilimwona alivyochoka, nikamsikia yule wa mlangoni anavyokoroma, nikakumbuka wiki iliyotangulia alivyomfokea Espérance mbele ya watu kwa kuuliza swali tu. Nikasema, "Zimetimia, Daktari." Akafunga. Kwenye karatasi ya upasuaji nikaandika ishirini, nikatia sahihi yangu.

Siku ya tisa ndugu zake walimrudisha Vestine kwa machela, wamembeba mabegani tangu Kanama kwa sababu magari hayakuwa yakipita. Mwili unawaka homa, tumbo limevimba. Daktari alipomfungua usaha ulitoka, na ndani yake kompresi. Kizazi kilikuwa kimeharibika kabisa, akakitoa.

Mkurugenzi wa hospitali akatuita sote ofisini. Hakuuliza ilikuwaje, aliuliza ni nani. Espérance akasema, "Mi nilisema mara mbili." Mkurugenzi akainua karatasi yangu. "Hapa imeandikwa ishirini. Kwa hiyo wewe uliyehesabu ulihesabu vibaya." Daktari alitazama viatu vyake. Na mimi nikatazama vyangu. Espérance aliachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikaenda kwa mkurugenzi nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Nikikuondoa na wewe, kesho nani atampa daktari vyombo? Rudi kazini." Kuhusu Espérance akasema faili limeshafungwa.

Nikamfuata daktari. Hakukasirika. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula ndizi. "Nilijua hujahesabu," akaniambia. "Nilikuuliza kwa sababu nilijua utasema zimetimia." Akanawa mikono, akaingia kwa mgonjwa mwingine.

Kwa Espérance nilikwenda Jumapili iliyopita. Siku hizi anavuka mpaka kila asubuhi na beseni la viazi, anauza Goma. Nilipoanza kulia akanisogezea kiti. "Mi sina hasira na we," akasema. "Lakini ile siku ungeniangalia tu, ningetafuta tena."

Usidhani tumejifunza kitu. Aliyechukua nafasi yake anasema "zimetimia" kabla sijamaliza kuuliza. Sasa nahesabu mwenyewe, mara mbili, na daktari ananihimiza niwahi. Siku nyingine mikono yangu imejaa, siwezi kuhesabu, nami nakubali neno la yule mwenzangu huku nikijua halina maana.

Vestine bado yuko wodini, homa imeshuka. Kwenye faili lake wameandika maambukizi, basi. Hajaambiwa kuwa kizazi kimetolewa, na mimi nimekatazwa kumwambia. Jana alinishika mkono, akanishukuru kwa kumwokoa yeye na mwanawe. Kisha akaniuliza kwa aibu kidogo, "Sista, huyu wa pili nimsubiri mpaka lini? Mume wangu anataka wa kiume." Nikamwambia, "Pona kwanza." Akaitikia kwa kichwa, akampa mtoto titi, ametulia kama mtu aliyepewa ahadi.

Barua hii usimsomee mama. Mwambie tu nimeandika kuwa kazi ni nyingi. Nisalimie shemeji mwalimu, shangazi wa Kayanga, na wanao wote wawili. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari mitatu. Usinipe pole. Niambie wewe ungemjibu nini.

Mdogo wako,
Konsolata