Uji wa Mama Riziki

Jumatano, tarehe 4
Itangazwe kwa wakaaji wote wa Goma: sombe, majani yetu ya muhogo, imekufa. Leo nimeila, ladha ya misumari. Muuguzi alishanionya jana, kwenye serumu ya kwanza, dawa ya kansere ya kuingia kwa mushipa. Ladha itapotea. Nitatapika. Nywele zitaanguka. Mukojo utakuwa mwekundu, maana dawa yenyewe ni nyekundu. Na nisishiriki kikombe na mutu. Nikipata homa, serumu ya pili hakuna. Bila ya pili, hili titi litanizika.
Mukojo: mwekundu kweli. Muuguzi ni nabii.

Ijumaa, tarehe 6
Nimetapika. Dada yangu Zawadi alikuwa mulangoni.
"Hii si kansere. Ni karuho."
Sumu ya polepole. Hapa kila mutu anamjua marehemu wa karuho. Hakuna aliyewahi kuiona. Zawadi akatazama jikoni. Mule anapika Mama Riziki, aliyekimbia vita Kalengera, tukampa pa kulala.
Nilicheka. Kisha nami nikatazama jikoni.

Jumatano, tarehe 18
Nywele zimebaki kwenye muto. Zimejikunja kama kimunyama kilicholala. Sikukigusa.
Mabomu upande wa Sake.
Mama Riziki kaleta uji. Akaonja kwanza, kama desturi: anayeleta aonje, ujue hakuna karuho. Akaninyoshea kikombe kilekile.
"Kunywa, mama. Umeniona nimekunywa."
Anakohoa tangu alipofika. Nikinywa, homa. Nisipokunywa, nimemwita muuaji.
Sikunywa.
"Basi na wewe umejua!" Zawadi karibu apige vigelegele.

Alhamisi, tarehe 19
Vitu vya Mama Riziki viko mulangoni, vimefungwa ndani ya kitenge. Arudi wapi? Kalengera kunawaka.
Usingizi sina. Kibaya zaidi: nimekumbuka kila sahani aliyonipa, nikitafuta karuho ndani.
Nimeomba sufuria ya uji na vikombe viwili. Nimemimina mwenyewe, mbele ya Zawadi.
"Muuguzi amenikataza kikombe cha mutu. Hajanikataza uji wako."
Mama Riziki alikunywa. Nami. Zawadi alikaa mpaka jioni akingoja nani ataanguka. Hakuna. Alionekana kuonewa.
Kitenge kimefunguliwa.

Jumanne, tarehe 24
Mama Riziki amenisindikiza hospitali, siku ya serumu ya pili. Homa hakuna. Damu nzuri. Muuguzi kanipongeza, kanikalisha, nikakunja mukono wa nguo. Akafungua kabati.
Ndege hazitui tena, sababu ya vita. Dawa haijafika.