Dawa ya Hamisi na Ubongo wa Kifaranga

Praha, siku ya theluji ya kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza nazungumza na nani. Nikamwambia nazungumza na kijiji chetu, Kigwa. Mimi mzima kabisa, isipokuwa pua inachuruzika kwa baridi. Ninyi je, hamjambo? Goti lako bado linakusumbua? Mvua zimeanza, na shamba la kijiji limeshalimwa?

Barua yako niliipata juzi, nikapiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mwandiko wako mwenyewe, Mama! Miaka yote hii nakuandikia nikijua mwalimu ndiye atakayekusomea, na ndiye atakayenijibu kwa niaba yako. Leo naona herufi zako kubwakubwa, kila mstari unapanda mlima ukifika mwisho. Elimu ya watu wazima idumu! Nimeionyesha kwa kila mtu hapa kazini, watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na wote wameisifu. Nani angethubutu kutoisifu mbele yangu?

Unasema mdogo wangu Hamisi ameanguka tena, safari hii kwenye shamba la shule, jembe mkononi, na mwalimu mkuu ameagiza akae nyumbani mpaka kifafa kimwishe. Unaniomba nitume ile dawa mpya niliyowaandikia habari zake. Nitakujibu, Mama, ila kwanza nikusimulie yaliyotokea hapa, maana furaha imenijaa na jibu lako limo humo humo.

Kazi yangu ni hii. Tunachukua yai la kuku lililoatamiwa siku chache, tunatoa kipande kidogo sana cha ubongo wa kifaranga, tunazitenganisha chembe zake na kuziweka kwenye kisahani cha kioo chenye maji ya lishe. Kisahani kinakaa ndani ya sanduku lenye joto kama la tumbo la kuku. Baada ya majuma mawili chembe zimeota nyuzi na kushikana, na zinapelekeana umeme mdogo mno. Tuna mashine inayougeuza umeme huo kuwa sauti: ta, ta-ta, ta. Kila asubuhi nikifungua sanduku nazisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Mkuu wetu, Daktari Hana, mama mfupi mwenye hasira za karibu, mwanzoni alidhani nasoma dua. Siku hizi naye anazisalimu, ila anatamka vibaya hata mbuzi wa Kigwa wangemcheka.

Tukitaka kujaribu dawa ya kifafa, kwanza tunazitia chembe sumu kidogo. Hapo zinaacha kuongea kwa zamu, zinapiga zote kwa pamoja, trrrrr, kimya, trrrrr. Mama, mara ya kwanza kuisikia sauti ile nilitoka nje nikalia. Nilimsikia Hamisi.

Basi siku moja tulitia ile dawa mpya. Kelele zikapungua, zikapungua, halafu kimya kabisa. Daktari Hana akatupa kalamu mezani.

"Zimekufa. Dawa hii inaua. Mwaga."

"Ngoja kwanza, Daktari," nikamwambia.

"Ningoje nini? Husikii?"

"Nasikia. Nyumbani nina mdogo wangu. Akishaanguka hulala hivi hivi, na majirani huanza kulia msiba. Mama yangu huwafukuza. Huwaambia, 'Mwacheni, amelala,' kisha hukaa karibu naye mpaka aamke."

Akanitazama, nikajua sasa naangushiwa matusi ya Kicheki. Lakini alivuta kiti akaketi. Nikaiosha dawa yote na sumu yote, nikaweka maji mapya ya lishe, nikakaa karibu kama unavyokaa wewe. Nikatoa matobolwa uliyonitumia, nikamweleza ni viazi vitamu vilivyokaushwa, tukatafuna wote wawili, yeye akilalamika kwamba meno yake si ya kusaga mawe. Alikuwa bado analalamika mashine iliposema: ta. Kimya. Ta. Ta-ta. Mama, yule mwanamke asiyecheka hata siku ya mshahara alinirukia akanibusu mashavu yote mawili, mdomo umejaa matobolwa! Kumbe dawa haikuua, tulizidisha tu kipimo. Tulipozitia sumu tena na dawa kidogo zaidi, ile trrrrr ilikoma na mazungumzo ya kawaida yakabaki. Watu wa vyumba vingine walikuja kusikiliza. Nilijiona mkubwa kama mtemi.

Lakini lililonigusa zaidi lilikuja kesho yake. Tulitaka kujua dawa inashika muda gani. Nikaiondoa dawa nikaiacha sumu, trrrrr ikarudi. Nikairudisha dawa, utulivu. Nikaiondoa, ikarudi. Mara ya tatu niliacha kuandika. Mbele ya macho yangu niliviona vile vidonge alivyopewa Hamisi hospitali ya Tabora.

Unakumbuka, Mama? Kabla sijasafiri, Hamisi alikuwa amekaa msimu mzima bila kuanguka. Mimi ndiye niliyesema amepona. Mimi ndiye niliyevitia vidonge kwenye kopo la chai, nikakwambia tuviweke akiba, umpe siku akianguka tu, visije vikaisha bure. Wewe uliniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikacheka, nikakujibu mimi ndiye niliyesoma. Haukupita mwezi akaangukia jikoni, na tangu hapo unampa kidonge akishaanguka, jinsi nilivyokufundisha. Sasa unaniandikia kwamba huenda kosa ni lako, ulikula kitu kibaya ukiwa na mimba yake. Hapana, Mama. Kosa ni langu. Mbele ya mwalimu ningeona haya kulisema. Leo unalisoma mwenyewe, tuko wawili tu. Nisamehe.

Hiyo dawa mpya sitaituma. Imejaribiwa kwenye ubongo wa kifaranga tu, na Hamisi, pamoja na miguu yake myembamba, si kifaranga. Itachukua miaka. Nilimweleza Daktari Hana habari zetu, akasema vidonge vile vya zamani ni dawa nzuri, vinazuia kifafa vikiwemo mwilini, havimsaidii aliyekwisha kuanguka. Mpeleke Hamisi Tabora kwa treni, uwaeleze madaktari yote bila kuficha, hata la kopo la chai. Wakimpa vidonge, ameze kila siku, awe mgonjwa awe mzima, na asiache mpaka wao waseme. Kisha mwombe mwalimu mkuu amrudishe darasani. Akikataa, niambie, nitamwandikia barua atakayoikumbuka.

Baba akirudi kutoka kwenye mizinga yake porini, mpe shikamoo yangu, umwambie asali ya huku ni maji ya sukari. Msalimie baba mdogo pale stesheni anapopunga bendera, na bibi, ambaye najua atauliza kama nimeolewa. Mwambie nimeolewa na visahani. Fundi Salum aliyenishonea koti mwambie linapendeza sana, ila baridi ya huku haijali mapambo.

Na Hamisi mbusu kichwani kwa ajili yangu. Miezi ikipita bila kuanguka, atakuja kukuuliza kama sasa amepona. Usimjibu ndiyo, usimjibu hapana. Mpe kidonge chake cha leo.

Mwanao akupendaye,
Zuhura