Paa la Mwankuba na Safari ya Pazhou

Chumba Na. 407, Kangle,
Haizhu, Guangzhou.
17 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Kasmir,

Shikamoo. Ninatumaini mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu, na kwamba Mama Cyrus na watoto hawajambo. Mimi ni mzima. Baridi imelegea, viwanda vya nguo vimefunguliwa tena baada ya Mwaka Mpya wa Kichina, na kazi yangu ya ukalimani ofisini kwa Bi. Liang inaendelea vyema.

Uliponitumia rasimu ya marekebisho ya bajeti ya halmashauri ili niihakiki, niliona fahari. Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha kumtegemea mpwa wake mwenye shahada changa ya fedha za umma si jambo dogo. Nimeipitia mara mbili. Mapato yameporomoka pamoja na bei ya pamba, matumizi yamepunguzwa, na hesabu zinalingana hadi shilingi ya mwisho.

Hapo ndipo hasira iliponipanda.

Mmeondoa shilingi milioni thelathini na sita za kupaua zahanati ya kijiji chetu, Mwankuba. Mmeacha milioni thelathini na nane za madiwani wanne, wewe ukiwemo, kuja Pazhou, hapa Guangzhou, kwenye maonesho ya biashara ya Aprili, kwa jina la "ziara ya mafunzo ya kubana matumizi". Pembeni umeandika kwamba bajeti ni kanga fupi: ukivuta kichwani, miguu inabaki wazi. Naomba kuuliza kwa heshima, Mjomba: mbona miguu inayobaki wazi ni ya Mwankuba kila mwaka?

Utaratibu unaujua kuliko mimi. Wananchi hujenga boma hadi kwenye lenta, halmashauri hupaua. Wao wametimiza sehemu yao. Mama, dada yako, alibeba maji ya kufyatulia matofali akiwa na miaka hamsini na minane. Juzi alinipigia simu: "Masika hiyoo, mwanangu. Mvua ikizipiga kuta zile mwezi mmoja, tunaanza na msingi." Na mdogo wangu Dainess anatarajia kujifungua mwezi wa sita. Mnataka apande bodaboda kilomita ishirini na mbili hadi hospitali?

Nami nina aibu yangu. Kwa ahadi yako kwamba halmashauri itapaua, nilizunguka soko la vitambaa la Zhongda, duka hadi duka, nikiwaomba wafanyabiashara wa nyumbani wachangie saruji ya zahanati. Jana nilimweleza ukweli Dismas, aliyetoa mifuko arobaini. Aliacha kukagua kitambaa, akapaza sauti: "Kumbe paa letu limepata pasipoti, msomi!" Duka zima likacheka.

Kibaya zaidi, barua ya mwaliko kwa ajili ya viza zenu niliiomba mimi. Bi. Liang aliipiga muhuri kwa kuniamini. Leo asubuhi nimemwomba aibatilishe, naye amekubali. Vyumba vya hoteli pia nimevifuta.

Bila mwaliko huo safari haipo. Baraza la Madiwani linakaa Jumatano, tarehe 26. Nimeambatanisha rasimu niliyoisahihisha: paa limerudi, na milioni mbili zilizobaki nimezipangia kitanda cha kujifungulia. Hesabu bado zinalingana.

Nisalimie Mama Cyrus, Derick na Bibi Goodness. Mungu akujalie sauti ya kuisoma rasimu hiyo mbele ya wenzako.

Mpwa wako akupendaye, hata leo,
Anastazia