Fundo Lako Limefika Väsby

Mama,

Mjukuu wako ametimiza arobaini leo. Ni msichana, ana paji lako la uso, na akilia ghorofa nzima inajua kwamba Muheza imehamia Upplands Väsby. Nakuandikia akiwa amelala. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaiacha, maana nikishaandika "Mama" kalamu inagoma. Leo haijagoma, na nitakueleza kwa nini.

Nilipoolewa na Wei uliwatangazia wanakwaya wenzako kuwa mwanao anaishi Uswidi. Mama, Uswidi niliishia mlangoni tu. Ukishavua viatu ukaingia kwa mama mkwe wangu, uko Taiwan. Maji ya kunywa ni ya moto, hata kiangazi. Matunda humenyi mwenyewe. Unaletewa yamekatwa, sahani inawekwa mbele yako bila neno, na hapo ujue umependwa. Wala hakuna "hujambo". Anakuuliza, "Umekula?" Mimi, uliyenifundisha kusema kweli, nilikuwa najibu "bado", naye anawasha jiko, hata kama ni saa tisa alasiri. Nilishanenepa ndipo Wei aliponieleza kuwa ile ni salamu tu. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa. "Mwache akunenepeshe," ukasema. "Mkwe anayeuliza habari za tumbo lako hana ubaya."

Neno moja tu lilinishinda. Kwao mke wa mwana humwita mkwewe Mama. Mimi nilizungukazunguka. Nilimwita kwa kukohoa, au nikasubiri anitazame ndipo niseme. Mama nilikuwa naye mmoja, na alikuwa anakuja.

Ulikuwa unakuja kweli. Viza imetoka, sanduku umeshalifunga. Ungenikanda kwa maji ya moto, ungenipikia uji wa pilipili manga, ungenifunga tumbo, na siku arobaini nisingeshika hata ufagio. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," uliniambia, "na mgeni ndiye mimi." Kisha presha ikakuchukua asubuhi moja, mimi nikiwa na mimba ya miezi minane ambayo hakuna ndege ingeipokea. Nilikuzika kwa simu, Mama. Picha ilikuwa inakatika. Hata kaburi sikuliona vizuri, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Sanduku lako lililetwa na dada Rehema, yule rafiki yangu wa Hagsätra, huku huku Uswidi, aliyekuwa huko nyumbani likizo. Nililiegesha ukutani nikashindwa kulifungua.

Nilipojifungua, muuguzi aliyekuja kutuangalia alisema nitoke nikapunge hewa. Mama mkwe alimsikiliza kwa adabu, akafunga dirisha. Kumbe nao wana uzazi kama wetu! Mwezi mzima mzazi hatoki, hagusi maji baridi, havui soksi. Akanipikia kuku kwa mafuta ya ufuta, tangawizi na divai ya mchele. Usininunie, mama wa kanisa, aliichemsha mpaka ukali wote ukaruka. Supu niliinywa. Lakini alipokuja na beseni la maji ya moto, na kitambaa chake kirefu cheupe cha kufungia tumbo, nilimgeuzia mgongo. Kazi ile ilikuwa yako. "Si wewe," nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu. Naye, mwenye Kiswidi kibovu kama changu, aliacha beseni akatoka.

Kesho yake akarudi, akaonyesha sanduku kwa kidole, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akapiga magoti akavuta zipu, na harufu ya milima ya Amani ikajaa chumbani: iliki, pilipili manga, tangawizi kavu. Alipoinusa tangawizi alicheka huku machozi yakimtoka. Chini kabisa kulikuwa na kanga mpya, na jina lake ni maneno yako yaleyale ya mgeni na mwenyeji. Akakikunja kitambaa chake, akakirudisha kabatini, akachukua kanga yako.

Sikukataa. Alianzia nyongani akapanda juu, akikaza, akisubiri nipumue, akikaza tena. Halafu akafunga fundo. Mama, lilikuwa fundo lako! Lile la ubavuni, ncha inapita chini mara mbili kisha inafichwa, ulilowafungia shangazi zangu wote na hakuna aliyeliweza mpaka leo. Nikamuuliza amelijulia wapi.

"Mama yako," akasema. "Kwenye simu."

Kumbe nilipokuwa kazini kwa wazee wangu ninaowahudumia, ninyi wawili mlikuwa mnapigiana. Wei ndiye aliyewaunganisha, akiwatafsiria kwa Kiswahili chake cha kuombea maji, na mkamwonya asiniambie. Wewe umeshika mto wa kitanda huko, yeye kashika wake huku, mnafunga na kufungua. Wei anasema alikuuliza haraka ya nini na wewe mwenyewe uko njiani. Ukamjibu kuwa ndege huchelewa, lakini mtoto hasubiri.

Siku ile nililia kilio nilichodaiwa tangu mazishi. Nilikuwa nakulindia kiti chako, kumbe ulishamkalisha mtu.

Mwezi wake ulipoisha alikuja kunivua soksi. Nikamwambia kwetu ni arobaini. Akafikiri, akanivika tena. "Hizo zilizobaki ni za mama yako," akasema. Akaacha kuku wake, akanipikia uji wa pilipili manga kila asubuhi. Una madonge, Mama, nisikudanganye, lakini niliumaliza wote.

Na leo nimemtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza. Theluji imeanza kuyeyuka. Nilikuwa mikono imejaa, kapu huku, blanketi kule, nikaita, "Mama, nifungulie mlango." Neno limetoka lenyewe, bila kukohoa. Aliufungua upesi, kisha akainama kutafuta viatu vyake, akavitafuta muda mrefu na vilikuwa mbele ya macho yake.

Asante kwa sanduku. Asante kwa kunitafutia mama kabla hujaondoka. Pumzika sasa, kazi yako imefika. Kanga nimeifua nikaikunja, na siku binti huyu akizaa nitamfunga kwa mikono yangu. Ila fundo nitamfundisha mtu mapema, maana ndege yangu nayo yaweza kuchelewa.

Mwanao,
Neema