Moto wa Maji ya Maziwa

Chukwani, Unguja

Kwa mdogo wangu Mudrik,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko Dar hulali na njaa kwa uvivu wako wa kupika. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Shikamoo yako uliyompa rafiki yako Tahir imemfika. Akaitika marahaba, kisha akauliza kwa nini hukuileta mwenyewe.

Ng'ombe wanakamuliwa na mtindi unakwenda Mwanakwerekwe kama kawaida. Maji ya kuoshea madumu ya maziwa tumerudi kuyamwaga mtaroni, na uvundo umerudi nayo. Jirani yetu Bi Mwanakhamis amefunga madirisha yote ya upande wetu. Ulipotwambia kwamba vijidudu vitakula uchafu wa maziwa ndani ya tangi lako na kutoa gesi ya kupikia, kisha mwani mdogo usioonekana kwa jicho utamalizia kuyasafisha maji kwenye zile karo za kijani, mimi ndiye niliyecheka kwanza. Halafu nikapikia futari kwa moto huo Ramadhani nzima, na sikukwambia hata mara moja kwamba nauonea fahari. Najuta, Mudrik.

Siku ile uliyoalika watu waje kunywa chai ya gesi yako, ukawasha njiti baada ya njiti na jiko likakaa kimya, Ami Mbarouk akakuita Injinia Uvundo mbele ya wageni. Nilicheka tena. Asubuhi yake ukapanda boti. Tahir anasema chuo umeacha, unauza makava ya simu, kwa sababu huziamini tena hesabu zako.

Hesabu zako zilikuwa sawa, mdogo wangu. Juzi tukiosha madumu, Mama alikuwa anakusikitikia. Akasema inamuuma zaidi kwa kuwa wiki moja kabla ya wageni aliingia karoni mwenyewe, na magoti yake hayo, akausugua ule ukoga wote wa kijani mpaka karo zikang'aa, na jiki ya kutakatishia nguo iliyobaki akaimimina ndani ya tangi, lisije likakuaibisha kwa kunuka. Jiki, Mudrik! Viumbe vyako vyote viliuliwa kwa usafi. Nikainamia dumu asinione uso.

Yeye hajui. Kila asubuhi hufungua koki ya lile jiko, huwasha njiti, hungoja, kisha husema labda kesho. Nimeshindwa kumwambia. Ningekuwa wewe ningetaka Ami Mbarouk na mtaa mzima wajue ukweli. Lakini nakuomba jambo zito: rudi, ulianzishe tangi upya, na Mama akikuuliza ulikosea wapi, mwambie ulikosea hesabu.

Dada yetu Nadra na watoto wake wanakusalimia sana. Mama kasimama mlangoni, anasema nikuandikie kwamba safari hii usihangaike na usafi, atakusafishia yeye.

Wasalaam,
dada yako akupendaye,
Nassra