Kitanda cha Kwenye Boti

Viwanja Sitini, Ifakara
Machi 1996

Baba Anjela,

Arobaini yako imepita. Watu walikula, wakaimba, wakaondoka na sufuria zangu mbili. Mimi ni mzima.

Boti yako bado iko uani juu ya magogo, na kuku wanataga chini ya usukani. Majirani waliozoea mitumbwi wanakicheka kile chumba kirefu cha mbele. Wewe uliona picha kwenye gazeti la wazungu, mzee na mkewe wanatembea pwani kwa boti fupi nene, kama zile zinazovuta meli bandarini, wanapika na kulala humo. Ukaniambia, "Na sisi tutatembea, pwani yetu ni mto Kilombero." Nikakuambia kwanza uezeke choo.

Shida ilikuwa kitanda. Ulitaka tujilaze chini wote wawili seremala atupime. Nikakataa, maana yeye ndiye anayechonga majeneza ya mtaa mzima, na kwetu mtu hajilazi mbele ya futi yake angali hai. Ukacheka, ukajilaza peke yako, kitanda kikachongwa. Wiki tatu baadaye malaria ikakupanda kichwani, ukaenda.

Mdogo wako Gaspari akasema boti imekuua, ukoo ukaamua ipasuliwe kuni. Sikufichi, hata mimi niliamini. Nilikuwa na hasira na wewe kuliko huzuni.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi wakaja na mashoka. Sikubishana. Nikamwita seremala, nikavua kandambili, nikapanda, nikajilaza kitandani mchana kweupe. "Pima," nikamwambia.

"Shemeji, unajitakia kifo!" Gaspari akapiga kelele.

"Subirini wiki tatu. Nikifa, pasueni."

Seremala alipima. Kisha akasema polepole, "Mama, upande wako marehemu alinitajia vipimo kwa kichwa tu. Hajakosea hata nusu inchi."

Kwenye mazishi sikulia, wanawake wakanisema. Pale nililia.

Wiki tatu zimepita na zaidi, sijapata hata mafua. Leo asubuhi Gaspari amekuja na kamba, akaniamkia shikamoo, akauliza boti tunaiburuta lini. Nimemwambia keshokutwa, maji yameshapanda.

Basi pumzika, mume wangu. Nitautembea huu mto mpaka niuchoke. Watu wataniomba niwabebee mpunga, na nitaubeba, lakini upande wako wa kitanda sitaweka hata gunia moja.

Mama Anjela