Kijiko cha Vitamini

Jumatatu, 3 Juni

Kisimani tena, bustani ya kikundi, kijiji cha Mlali. Udongo una tindikali, mboga ya chainizi inadumaa kila msimu. Tunajaribu vitamini C. Haiponyi udongo, ila inaupa mche nguvu ya kuvumilia. Mama Nyemo ndiye katoa tuta lake. Nimemwandikia kipimo kwenye karatasi, kaifunga kwenye pindo la khanga. "Tutafuata, bwana shamba." Leo najiona mtaalamu kwelikweli.

Alhamisi, 13 Juni

Chainizi imeungua. Tuta zima, majani yamekauka kingo. Kikundi chote kikanigeukia mimi. Nikasema Mama Nyemo kazidisha vitamini, hasikii maelekezo. Mbele za watu! Mama wa umri wa mama yangu. Kainama, kaanza kung'oa. Mwenyekiti kasema Jumatatu wataamua kama anyang'anywe tuta. Hana jingine lenye maji.

Jumapili, 16 Juni

Nimetoka kanisani, nikafungua daftari. Kijiko cha chai kimoja kwa ndoo. Nikaangalia kwenye simu picha ya karatasi niliyompa. Kijiko cha chakula. Mwandiko wangu.

Mungu wangu.

Nimeifuta picha. Sijui hata kwa nini, mkono tu ulitangulia. Ugali umenishinda. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 17 Juni

Kikaoni nilianza na upepo, na jua, na maji ya chumvi. Upuuzi mtupu. Mama Nyemo kakaa nyuma, mikono mapajani, anasubiri hukumu. Nikashindwa kuendelea. Nikasema: kipimo nilikosea mimi, yeye kafanya nilivyomwandikia.

Tuta limebaki lake. Hakuna aliyenicheka. Afadhali wangenicheka.

Jumanne, 18 Juni

Nimemkuta kisimani. Nikampa shikamoo macho chini. Kaitikia marahaba kama siku zote. Nikaomba radhi. Kafungua pindo la khanga, katoa karatasi yangu. Imelowa, imekauka, inasomeka vizuri tu. Alikuwa nayo hata siku ile nilipomsema.

Nikamuuliza, mbona hukuwaonyesha?

"Wewe mgeni wetu, mwanangu. Nikuvue nguo mbele za watu?"

Nimeona aibu kuliko siku zote hizi.

Tumesia upya, mistari miwili. Vitamini kapima yeye, kwa kijiko cha chai. Mimi nilichota maji.